Jinsi ya kuchagua distro ya Linux kwa kompyuta ya nyumbani: mwongozo kamili

Dada yangu mkubwa ana duka la vitambaa Tanga. Nyumbani kwake kuna laptopu moja, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba: prosesa Core i5-6300U, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Mchana inabeba hesabu za duka, jioni watoto wanaigombania kwa masomo na katuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa hiyo, maana kwa upande wa Intel orodha yake kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, ilhali hii ni ya kizazi cha sita. Laptopu yenyewe ni nzima. Bawaba hazijalegea, kibodi inaandika, betri inakaa saa mbili. Kuitupa ingekuwa dhambi.

Mashine za aina hii zimejaa majumbani kwetu, na Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ndiyo njia rahisi ya kuziongezea miaka. Shida humkuta mtu mlangoni: anauliza achukue Linux ipi, yaani distro ipi, anamwagiwa majina hamsini. Nitakupitisha hatua kwa hatua namna ninavyochagua, laptopu ya dada ikiwa mfano, mpaka ubaki na jina moja na flashi uliyoijaribu kwa mikono yako.

Kabla ya hapo niseme kosa nililolifanya, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kumwekea dada distro niliyokuwa naipenda mimi, ile ya mtindo wa kusasishwa mfululizo, ambayo haina toleo la kutulia. Kwangu ilikuwa tamu kwa sababu nilikuwa naisasisha kila wiki. Yeye alikaa karibu miezi mitatu bila kuigusa sehemu ya masasisho. Siku alipobofya "sasisha" ilivuta vifurushi zaidi ya GB 2, bando likakata katikati, na alipoiwasha tena alikuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Idi, msimu wake mkubwa wa mauzo. Mafaili niliyaokoa, lakini aliendesha duka siku nne kwa daftari. Distro ile haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyemchagulia mtu bila kuangalia anavyoishi.

Distro ni nini hasa

Linux yenyewe ni keneli, kiini kinachozungumza na prosesa, diski na kadi ya Wi-Fi. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Keneli peke yake haikufungulii hata picha. Kuna watu wanaoichukua, wanaiwekea programu, sura ya skrini, mahali pa kupata programu nyingine, na ahadi ya kuisasisha kwa muda fulani. Mzigo huo mzima ndio distro.

Majina ni mengi lakini koo ni chache. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kutoka Debian ikazaliwa Ubuntu mwaka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni ndugu wa "utu" wetu. Kutoka Ubuntu ikazaliwa Linux Mint mwaka 2006. Ukijua nasaba hii umeshapata faida: programu ya faili la .deb na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa Ubuntu yanafanya kazi kwenye Mint, na mara nyingi hata kwenye Debian. Ukoo mwingine ni wa Fedora, unaofadhiliwa na Red Hat. Kuna openSUSE, na kuna Arch pamoja na watoto wake. Mtu wa nyumbani anayeanza sina sababu ya kumtoa nje ya ukoo wa Debian, kwa kuwa huko ndiko msaada ulikojaa.

Nakumbuka CD yangu ya kwanza ya Ubuntu ilifika kwa sanduku la posta, bure, ndani ya bahasha ya karatasi ngumu. Huduma hiyo ya kutuma CD ilisitishwa mwaka 2011. Leo unapakua mwenyewe, na gharama ya kupakua ni sehemu ya uchaguzi, kama utakavyoona.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako kwa namba

Usikadirie. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Andika kwenye karatasi jina la prosesa, kiasi cha RAM, na kama "BIOS Mode" inasema UEFI au Legacy. Halafu fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, sehemu ya Performance. Ukibofya Memory utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika kati ya zilizopo, na ukibofya Disk utaona kama ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka na yenye kasi zaidi, au HDD, yaani ile ya kuzunguka.

Kizazi cha Intel Core unakisoma kwenye namba yenyewe: i5-3320M ni kizazi cha tatu, i5-6300U cha sita, i5-8250U cha nane. Mashine zenye Core 2 Duo na kuendelea zinaendesha mifumo ya biti 64, kwa hiyo karibu kila kitu kinachouzwa sasa kama mtumba kimo. Ukikuta laptopu ndogo ya zamani yenye Atom ya biti 32, uwanja unakuwa mwembamba sana. Ubuntu iliacha biti 32 zamani, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hapo tafuta antiX, na usiitarajie mashine hiyo kufanya zaidi ya kuandika na kusoma.

Kwa nyingine zote, kinachoamua ni RAM. GB 8 na kuendelea, chagua sura yoyote unayoipenda. GB 4, chagua sura nyepesi. GB 2, chagua nyepesi kabisa na uzoee kufungua ukurasa mmoja au miwili kwa wakati. Usidanganywe na wanaosema distro fulani "inatumia MB 300 tu". Ni kweli ikiwa haijafunguliwa kitu. Ukishafungua kivinjari, WhatsApp Web na video moja, kivinjari ndicho kinachokula, nacho hula kiasi kilekile karibu kwenye kila distro. Sura nyepesi inakuokolea nusu GB hivi, ambayo kwa mwenye GB 4 ni kubwa na kwa mwenye GB 16 si kitu.

Laptopu ya dada ilionyesha RAM moja ya GB 4 katika nafasi mbili. Nafasi moja ilikuwa wazi! Hilo ni jambo la kulikumbuka kabla hujaanza kulaumu programu.

Hatua ya 2: Andika kazi zinazofanywa na kompyuta hiyo

Kaa na watu wa nyumba na muandike programu wanazozifungua kweli kwa wiki moja. Nyingi mtakuta ziko ndani ya kivinjari: barua pepe, YouTube, mifumo ya kodi na huduma za serikali, benki, masomo ya watoto. Hizo hazijali kama uko kwenye Windows au Linux. Firefox ipo, Chrome ipo.

Zilizobaki zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zenye mbadala wa kweli: Word na Excel za kawaida kwa LibreOffice au OnlyOffice, VLC ni ileile, Zoom ina toleo la Linux, picha ndogondogo GIMP inatosha. Fungu la pili ndilo la kulikazia macho. Microsoft Office ya kusakinishwa haina toleo la Linux. Photoshop na programu nyingine za Adobe pia hazina. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee wakati mwingine hukubali kupitia Wine, zana ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, wakati mwingine hugoma. Michezo yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant, haiendi. Mafaili ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya faili zifanye kazi kwa kitufe, ni kizingiti cha peke yake: fomula hupita, makro nyingi hazipiti.

Kama fungu la pili lina kitu kimoja kinacholeta ugali nyumbani, usifute Windows. Weka mifumo miwili, au acha kabisa mpaka utakapopata mbadala uliojaribiwa. Sisemi hivi kupunguza hamu. Nimeona watu wakiichukia Linux maisha yao yote kwa sababu waliifuta Windows siku ya kwanza na Jumatatu wakashindwa kufungua faili la mwajiri.

Hatua ya 3: Hesabu bando na umeme

Miongozo mingi huiruka hatua hii, si kwa ubaya. Waandishi wake wana intaneti isiyopimwa. Sisi wengi tuna bando.

Angalia kwanza ukubwa wa faili la kupakua, lile la ISO. Ubuntu 24.04 ya kawaida inakaribia GB 6. Linux Mint 22 iko karibu GB 3, nusu yake. Debian ina ISO ndogo ya chini ya GB 1, ila inavuta vilivyobaki kwenye intaneti wakati wa kusakinisha, kwa hiyo umeahirisha gharama tu. Mwenye bando dogo aende na flashi kwa rafiki mwenye intaneti ya ofisini au kwenye kafe, apakue mara moja, agawie na majirani. Ni halali kabisa, leseni zenyewe zinakuruhusu kunakili na kugawa.

Pili, angalia distro inavyopata masasisho. Ubuntu inaleta Firefox na programu nyingine kwa mfumo wa Snap, na Snap hujisasisha yenyewe bila kukuuliza, ikikagua mara kadhaa kwa siku. Kwa mwenye bando la siku hilo ni jambo zito. Unaweza kuizuia kwa amri hii:

sudo snap refresh --hold

lakini mama wa nyumbani hatakumbuka kuja kuifungua tena. Mint haiji na Snap. Meneja wake wa masasisho anakuonyesha alama pembeni ya saa, anakuorodheshea vifurushi pamoja na ukubwa wake, na hapakui mpaka ubofye. Kwangu sababu hii moja inatosha kuiweka Mint mbele ya Ubuntu kwa nyumba nyingi za huku.

Tatu, muda wa ahadi. Hapa watu huchanganywa na majina. Ubuntu hutoa toleo la LTS, yaani lenye ahadi ndefu, kila miaka miwili, mwezi Aprili: 20.04, 22.04, 24.04, na linasasishwa miaka 5. Lakini ndugu zake wepesi, Xubuntu na Lubuntu, hata kwenye LTS ileile wanaahidi miaka 3 tu. Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, inasasishwa hadi 2029 katika sura zake zote, ile nyepesi ikiwemo. Debian hupata miaka 5 ukijumlisha kipindi chake cha nyongeza. Fedora ni nzuri na ya kisasa, ila kila toleo hudumu miezi 13 hivi, maana yake angalau mara moja kwa mwaka unapandisha mfumo mzima. Zile za kusasishwa mfululizo hazina mwisho na hazina pumziko. Mtu asiyesasisha kila wiki zimpite.

Na umeme: sasisho likikatwa katikati linaweza kuacha mfumo nusu. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kwangu mimi, inahitaji distro yenye masasisho machache na madogo, na hapo Debian ina heshima yake.

Hatua ya 4: Nani ataitwa ikikwama?

Uliza swali hili kabla ya kuangalia picha za skrini. Kama binamu yako mtaani anatumia Ubuntu na yuko tayari kuja Jumapili, Ubuntu imepanda daraja hapohapo, hata kama Mint ni nyepesi zaidi. Kama msaidizi ni wewe na uko mji mwingine, chagua unayoweza kuieleza kwa simu ukiwa umefumba macho: "bofya kona ya chini kushoto, andika neno hili, bonyeza Enter." Mimi na dada tunasaidiana hivyo, kwa hiyo sura inayofanana na Windows, yenye menyu chini kushoto na saa chini kulia, ilikuwa sharti.

Hatua ya 5: Chuja majina

Sasa karatasi yako ina namba, kazi, bando na msaidizi. Majina yanapungua yenyewe.

Kwa mashine ya GB 8 au zaidi ya mtu aliyezoea Windows, naanza na Linux Mint yenye sura yake kuu, Cinnamon. Kama mtumiaji anapenda sura mpya na ana intaneti nzuri, Ubuntu ya kawaida. Zorin OS nayo imepambwa vizuri na imejengwa juu ya Ubuntu, inawapendeza wanaotaka kitu kinachong'aa.

Kwa GB 4, Linux Mint yenye sura nyepesi ya Xfce. Hapa sina kigugumizi. Xfce si mrembo, ila ni mwepesi, hauhamishi vitu kila toleo, na ahadi yake ni ya miaka 5. MX Linux, iliyojengwa juu ya Debian, ni jirani mzuri na ina zana zake za kurahisisha mambo, ingawa menyu zake nyingi huwachosha wageni.

Kwa GB 2, Lubuntu kama diski ni SSD, au antiX kama mashine ni ya zamani sana. Kwa kompyuta ambayo itafanya kazi moja kwa miaka bila kuguswa, Debian yenye Xfce. Zamani nilikuwa nasita kuwashauri wageni Debian kwa sababu ISO yake rasmi haikuwa na fimuwea zisizo huria za Wi-Fi, zile programu ndogo zinazoiwezesha kadi kufanya kazi. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo ndani, kwa hiyo kikwazo hicho kimeondoka.

Chukua majina mawili, matatu kwa wingi. Kwa dada nilichukua Mint Xfce, Mint Cinnamon na Ubuntu.

Hatua ya 6: Pakua na uhakiki

Pakua kutoka tovuti rasmi ya distro yenyewe. Kisha hakiki alama ya faili, mlolongo wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, ambao hubadilika faili likiguswa. Usiiruke hatua hii. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa na wezi wakawaelekeza watu kwenye ISO yenye mlango wa siri. Waliohakiki alama kwa orodha ya kuaminika wangeweza kuiona tofauti. Isitoshe, faili linalopakuliwa kwa bando linalokatikakatika huharibika, nawe utapoteza jioni nzima ukidhani flashi ni mbovu.

Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda lenye faili na uandike, ukibadilisha jina liwe la faili lako:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Linganisha mlolongo unaotoka na ule uliochapishwa na distro. Herufi za mwanzo na za mwisho zikilingana hazitoshi, nakili wote uutafute kwa Ctrl+F kwenye ukurasa wao.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye flashi

Hapa ndipo uchaguzi unapofanyika. Chukua flashi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa. Sakinisha Ventoy ndani yake, kisha nakili ISO zako zote kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, Ventoy inakuletea menyu uchague uanze na ipi. Flashi moja, distro tatu. Kama Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, imewashwa, mara ya kwanza itakuomba uidhinishe ufunguo wa Ventoy. Fuata maelekezo ya skrini.

Kuingia kwenye menyu ya kuwasha, kwa HP nyingi ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12. Bonyeza kwa kurudiarudia mara tu unapowasha.

Mfumo utafunguka bila kugusa diski yako. Sasa uutese. Unganisha Wi-Fi. Piga muziki, ingiza spika za masikioni. Washa kamera. Punguza na ongeza mwanga wa skrini kwa vitufe. Funika laptopu, hesabu dakika mbili, ifunue: imeamka? Wi-Fi imerudi? Unganisha printa na uchapishe ukurasa mmoja. HP nyingi huwa hazina taabu, ila baadhi ya printa ndogo za leza zinahitaji draiva ya kutafuta. Wi-Fi ikigoma kabisa, mara nyingi ni kadi ya Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Linux itaiona kama intaneti ya waya, na kupitia hapo utapata draiva. Mbinu hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko modemu.

Kisha fungua kazi halisi. Nilimkalisha dada mbele ya skrini, nikafungua diski yake ya Windows kutoka hapohapo kwenye flashi, na akabofya faili lake la hesabu. Jedwali likafunguka kwenye LibreOffice, jumla zote sawasawa. Akashusha hadi kitufe chake cha kijani cha kutoa risiti. Akabofya. Kimya. Akabofya tena.

"Mdogo wangu, hiki ndicho ninachokitumia kila siku."

Ilikuwa makro. Tuligundua tukiwa bado kwenye flashi, Windows yake ikiwa salama, nikamtengenezea ukurasa wa risiti wa fomula tupu usiohitaji kitufe. Hii ndiyo thamani ya jaribio. Orodha ya "distro bora kumi" haiwezi kukuonyesha kitufe cha kijani cha dada yako.

Mwisho wa jaribio pima kumbukumbu. Fungua kivinjari na kurasa zile mnazozitumia, kisha fungua dirisha la amri na uandike free -h. Angalia safu ya "available". Ukumbuke kwamba unapoendesha kwa flashi sehemu ya RAM inatumika kushika mabadiliko, na kila kitu hufunguka polepole kuliko kikishasakinishwa. Linganisha distro kwa distro, si flashi kwa Windows. Kwa dada, kurasa nne na jedwali lake zikiwa wazi, Ubuntu ilianza kukwama kipanya, Cinnamon ilipumua kwa shida, Xfce iliendelea. Mtoto wa pili, ambaye ndiye mwenye katuni, alipendelea Ubuntu kwa rangi zake. Tulimwahidi picha ya ukutani.

Hatua ya 8: Sakinisha

Nakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje na uyafungue kwenye kompyuta nyingine uone yanafunguka. Kama unaacha Windows pembeni, zima kwanza Fast Startup ndani yake (inayoifanya Windows isizimike kabisa) na uhifadhi ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kama diski imefungwa nayo. Bila ufunguo huo unaweza kujifungia nje ya mafaili yako. Chomeka chaji.

Kisakinishi cha Mint chenyewe ni maswali machache: lugha, kibodi, tiki kwenye kodeki za muziki na video, kisha diski. "Erase disk" inafuta kila kitu, "Install alongside" inaacha Windows. Laptopu inayotembea mjini ifungie diski kwa nenosiri wakati huuhuu, ikiibiwa hesabu zako haziendi na mwizi. Ila nenosiri hilo likisahaulika hakuna wa kukufungulia.

Kwa laptopu ya dada sikusakinisha kwenye diski ya kuzunguka. Nilinunua SSD ya GB 240 na RAM nyingine ya GB 4 kujaza ile nafasi iliyokuwa wazi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, anza na SSD. Tofauti ya diski utaihisi kila siku kuliko tofauti ya distro yoyote na nyingine. Diski ya zamani niliiweka kwenye kasha la USB, Windows yake ikiwa ndani vilevile, akawa na pa kurudi.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Sasisha kila kitu mara moja kwenye intaneti nzuri. Kwenye Mint fungua "Software Sources" uchague seva yenye kasi kwako, kwani ile ya kawaida inaweza kuwa mbali. Fungua "Driver Manager" uone kama kuna draiva ya kuongeza. Washa Timeshift, iwe inaweka nakala ya mfumo kila wiki, ukijua kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi mafaili yako binafsi, inahifadhi mfumo tu. Mafaili yanahitaji diski yao ya nje.

Kwa tunaoandika Kiswahili, kuna mpangilio wa kibodi wa Kiswahili cha Tanzania na wa Kenya, na kamusi ya kukagua tahajia unaiongeza hivi:

sudo apt install hunspell-sw

Baada ya hapo LibreOffice inaacha kupigia mstari mwekundu kila neno. Kazi ya kuipa programu hii lugha yetu ina mizizi: mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi ya Kiswahili, mwaka 2004, na LibreOffice ilitokana na OpenOffice hiyohiyo. Tafsiri za sasa za mifumo mizima bado zina mapengo, menyu nyingi zitabaki Kiingereza, na anayeweza kutafsiri maneno hamsini kwa jioni anakaribishwa.

Kisha chukua karatasi. Andika jina la distro na toleo, mwaka masasisho yanapokwisha, tarehe ya kusakinisha, na namba ya mtu wa kumpigia. Ya dada inasema "Linux Mint 22 Xfce, hadi 2029", imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na flashi ya Ventoy inaning'inia hapohapo kwa uzi.